Programu Kumi na Moja

Nimefunga duka. Nje, soko la Konde limebaki
na paka wawili na harufu ya pweza aliyekwisha kuuzwa.
Ndani ni mimi na simu ya kioo kilichopasuka,
mwenyewe kaileta, hakurudi kuichukua.
Nimeijaza programu kumi na moja za watoto;
bando la elfu mbili limeteketea kwa dakika arubaini.

Mwalimu wa maandalizi ndiye aliyenichokoza:
"Faki, wewe fundi. Tuchagulie moja
ya kumfaa mtoto wa miaka minne."
Nikacheka. Mimi fundi wa vioo na betri,
simu ikiumwa najua inaumwa wapi.
Mtoto anaumwa nini na simu,
hapo sijapata kufungua nikaona.

Ya kwanza ikanipigia makofi kabla sijagusa kitu.
Nikaifuta. Anayekusifu hujafanya lolote
ana haja yake mfukoni mwako.
Ya pili haja hiyo hata haikuificha:
sungura analia machozi makubwa ya buluu
mpaka baba alipe, ndipo apewe karoti.
Ya tatu, baina ya herufi be na herufi che,
akachomoza mwanamume na kamari ya mpira.
Ya nne mpaka ya sita nimezisahau.
Kelele tu, rangi tu,
kama harusi ya mtu usiyemjua.

Ya saba niliipenda, niseme kweli.
Sauti safi, picha safi. Nikampelekea mwanangu Semeni
akae nayo wiki nzima.
Ikamfundisha: Hii ni ndizi.
Moja, ya manjano, imepinda kama mwezi wa siku tatu.
Siku ya nne bibi yake kaingia na kapu kichwani,
kalitua, kasema kama tusemavyo:
"Hii mkono wa tembo. Hii mzuzu, ya kukaanga.
Na hizi pukusa, za Semeni."
Mtoto akamtazama, akanyanyua kidole kimoja:
"Umekosea. Jaribu tena."

Tulicheka mpaka mke wangu akakaa chini.
Kisha nikaona Bi Mkasi hacheki.
Alikuwa anazitaja upya ndizi zake, polepole,
kama mtu aliyeulizwa kitambulisho
mlangoni kwake mwenyewe.

Tangu usiku ule naziuliza mambo mengine.
Siulizi nyota ngapi, wala wangapi wameipakua.
Nauliza: unajua kunyamaza?
Mtoto akiwa nawe, hukumbuka kuita watu?
Ukizimwa, hulia nani?
Na hili, lililonijia kwa kuchelewa:
ukiondoka, unamwachia nini mkononi?

Ya nane na ya tisa hazikufika asubuhi.

Ya kumi mbaya kwa sura,
rangi yake kama ukuta wa skuli uliosahauliwa.
Haina sungura. Unachora herufi kwa kidole,
ukimaliza inatulia, kama mtu anayesikiliza,
na ina kitufe cha kurikodi sauti za nyumbani.
Bi Mkasi alikataa siku mbili.
Ya tatu kaivuta karibu na mdomo
kama anayepuliza jiko la mkaa:
"Mkono wa tembo. Mzuzu. Pukusa."
Akaongeza, hakuambiwa na mtu:
"Na wewe Semeni, umeshakula?"

Jana nimeikuta simu kizingitini, imezimika chaji,
mtoto yuko juu ya jamvi,
kidole kimezama katika karafuu mbichi
anachora herufi ya jina lake,
kubwa, imegeukia nyuma.
Bibi akanyanyua ufagio na sauti pamoja.
Ufagio akautua.
Sauti ikabaki: "Karafuu za watu hizo!"
lakini alipozigeuza kwenye jua
aliizunguka ile esi, hakuivuruga
mpaka jua lilipokwenda.

Kesho mwalimu ataniuliza.
Nitamwambia ya kumi. Haili nafasi, haitaki bando,
ila bibi awe karibu.

Ya kumi na moja bado sijaifungua.